Kabla ya Kupulizia Tena, Mtazame Mdudu Anakula Nini

"Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, huku Kinyerezi, Dar es Salaam: sukuma wiki, mchicha, bamia, matango na matuta mawili ya nyanya. Tangu Desemba, joto lilipopanda, wadudu wamekuwa wengi. Majani ya sukuma yamejaa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na katikati yao kuna wadudu weusi wenye madoa ya njano, warefu kidogo, wenye miguu sita na sura ya kutisha kama vimamba. Jirani aliniambia kuwa hao ndio wanaozaa vidukari, niwamalize. Nilinunua dawa katika duka la pembejeo nikapulizia bustani yote. Siku chache kulikuwa shwari, lakini sasa ni wiki mbili na vidukari wamerudi wengi kuliko mwanzo, na nyanya zina utando kama wa buibui chini ya majani. Kwenye bamia kuna wadudu wekundu wenye alama nyeusi, na mwembe ulio jirani na matuta una majimoto. Nitamjuaje mdudu wa kuua na wa kuacha? Na je, mboga hizi naweza kuwapa watoto wangu?"

Ndugu msomaji, umenisaidia sana kwa kueleza mambo kwa mfuatano wa siku, kwa maana mfuatano huo ndio unaoonyesha kilichotokea katika bustani yako. Unauliza mambo mawili, utambuzi wa wadudu na usalama wa chakula, na yote mawili nitayajibu. Lakini naomba nianze na wale vimamba, kwa sababu ukiwaelewa wao, mengi yaliyobaki yatakuwa mepesi.

Wadudu hao hawazai vidukari. Ni mabuu, yaani watoto, wa yule mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu au wa rangi ya chungwa, mwenye mgongo unaong'aa wenye madoa au michoro myeusi, ambaye watoto hupenda kumtembeza kidoleni. Mama yake hutaga mayai ya njano yaliyosimama wima, yamebanana kikundi kimoja chini ya jani, karibu kabisa na vidukari. Buu akianguliwa hafanani na mzazi wake hata kidogo: ni mrefu, mweusi au wa kijivu, ana madoa ya njano au ya chungwa na miguu inayoonekana wazi. Baadaye hujibandika kwenye jani, akatulia bila kula kwa siku kadhaa, kisha hutoka akiwa mbawakawa kamili. Kosa la jirani yako linaeleweka, kwani kila anapowaona vidukari anawaona na hawa; lakini chui naye huonekana walipo swala, na hakuna anayesema kuwa chui ndiye anayewazaa.

Kama una kioo cha kukuzia, au simu yenye kamera nzuri, kaa na jani moja kwa dakika kumi asubuhi. Utamwona buu akitembea akipapasa uso wa jani mpaka agonge kidukari, amkamate na kumwinua kidogo kutoka kwenye jani. Kidukari hurusha miguu, na kutoka katika vijibomba viwili vilivyo nyuma ya mgongo wake hutoa tone dogo lenye harufu ambayo wenzake huitambua kuwa ni hatari, nao huchomoa midomo yao na kuanza kusogea au kujiangusha. Baada ya muda kinachobaki ni ngozi nyeupe iliyonyauka. Buu mmoja hula vidukari kwa mamia kabla hajawa mkubwa, na hao ndio uliowapulizia dawa.

Sasa tuangalie kwa nini vidukari walirudi wengi kuliko mwanzo. Katika joto letu, kidukari jike hahitaji dume wala hatagi mayai. Huzaa watoto hai, karibu wote majike, na mtoto anayezaliwa leo huanza kuzaa mwenyewe baada ya wiki moja hivi. Mbawakawa anahitaji takriban wiki tatu kutoka yai hadi utu uzima, na hawezi kuongezeka kabla chakula chake hakijaongezeka. Dawa nyingi zinazouzwa madukani huua kila mdudu zinaomgusa. Vidukari waliojificha ndani ya majani yaliyojikunja au kwenye moyo wa mche hunusurika, ilhali mbawakawa na mabuu yake, kwa kuwa kazi yao ni kutembea kutwa juu ya majani wakitafuta, hukanyaga sumu kila mahali na pia hula vidukari waliokwisha kuipata. Hivyo wa kwanza kurudi baada ya dawa ni yule uliyetaka kumwondoa, naye anarudi katika bustani isiyo na mlinzi.

Utando wa kwenye nyanya ni sura nyingine ya jambo hilohilo. Naamini kabisa, ingawa sijauona, kwamba haukufumwa na buibui bali na utitiri, viumbe vidogo kuliko kichwa cha sindano ambavyo si wadudu kwa maana halisi, kwa kuwa vina miguu minane na ni ndugu wa buibui. Piga jani juu ya karatasi nyeupe, subiri kidogo, na utaona vinukta vyekundu au vya kijani-njano vikitembea. Dawa nyingi za wadudu haziudhuru utitiri kama inavyodhaniwa, lakini huua jamaa zake wanaoula, na joto kavu la kaskazi hufanya uzaliane kwa kasi. Nimekuta bustani nyingi jijini ambazo hazikuwa na utitiri wa kusumbua mpaka mwenyewe alipoanza kupulizia kila wiki.

Kuhusu kutambua, naomba uache kupima mdudu kwa rangi au kwa ubaya wa sura. Kipepeo mweupe anayependeza machoni anaweza kuwa anatafuta mahali pa kutaga mayai ya viwavi juu ya sukuma yako, ilhali mdudu wa kutisha anaweza kuwa ndiye anayekulindia chakula. Tazama mwenendo wake. Anayekula mmea hana haraka, maana chakula chake hakikimbii: utamkuta ametulia, mara nyingi na wenzake wengi, na karibu naye kuna tundu, kikwaruzo, kinyesi au majimaji ya kunata. Anayewinda mara nyingi yuko peke yake, anahangaika, anapanda na kushuka shina, au amejibanza kama vunjajungu akisubiri. Kanuni hii ina vighairi, na ndiyo maana napendekeza jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya jikoni. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, weka jani bichi safi na kipande cha jani chenye vidukari ishirini uliowahesabu, mtie mdudu unayemshuku, funika kwa kitambaa chepesi na uiache kivulini usiku kucha. Asubuhi hesabu vidukari na utazame jani safi. Kama vidukari wamepungua na jani ni zima, umempata rafiki. Kama jani limetafunwa, huku vidukari wakiwa palepale, umepata jibu lako pia.

Kuna mbawakawa mmoja anayewachanganya hata wanafunzi wangu, nami nakutahadharisha kwa sababu una matango. Anafanana na yule rafiki kwa umbo na kwa madoa, lakini mgongo wake haung'ai. Umefunikwa na vinyweleo vifupi vinavyoufanya uonekane kama umepakwa vumbi. Mabuu yake ni ya njano, yenye miiba iliyogawanyika matawi, na yeye na mabuu wote hula majani ya matango, maboga, bilinganya na mnavu. Huyu hakati tundu safi: huparua nyama ya jani na kuacha mishipa, mpaka jani likabaki kama wavu. Kwa hiyo ukimwona mbawakawa mwenye madoa, geuza jani kabla hujatoa hukumu. Vidukari wakiwapo na jani halijaparuliwa, mwache. Jani likiwa limekuwa wavu, mtoe kwa mkono pamoja na mayai yake.

Wale wekundu wa kwenye bamia, kwa maelezo yako, yaelekea ni kunguni wa pamba. Bamia na pamba ni mimea ya ukoo mmoja, na kunguni hawa hupenda pia mbegu za mibuyu na misufi, miti ambayo bado ipo kwingi hapa jijini. Hufyonza mbegu ndani ya tunda, hivyo hudhuru zaidi bamia zilizokomaa. Ukivuna bamia changa kila baada ya siku mbili na kuwakung'utia kwenye ndoo ya maji yenye sabuni asubuhi mapema, utawadhibiti bila dawa. Lakini kabla ya kuwakung'uta, tazama mmoja mmoja kwa makini, kwa sababu katika Afrika yuko kunguni mwindaji aliyejifananisha nao kwa rangi ili akae miongoni mwao na kuwala. Tofauti iko mdomoni: kunguni wa pamba ana mdomo mrefu mwembamba aliolaza chini ya tumbo, ilhali mwindaji ana mdomo mfupi, mnene, uliopinda kama ndoano. Usimshike huyo mwindaji kwa vidole, kwani akichoma huuma vibaya. Na ukiwaona mbawakawa weusi wenye mikanda ya njano au myekundu wakila maua ya bamia, usiwaponde kwa mikono mitupu, maana majimaji ya miili yao hubabua ngozi na kuinua malengelenge. Vaa mfuko wa plastiki mkononi.

Umetaja majimoto, na hapa ninayo mengi ya kusema, kwa sababu ni mdudu anayechukiwa sana kwa kuuma kwake na anayestahili heshima kubwa katika pwani yetu. Wakulima wa minazi na wa mikorosho wanajua kuwa mti wenye majimoto wengi una matunda mengi. Huko Zanzibar, katika miaka ya 1950, watafiti walieleza sababu: kuna kunguni anayefyonza nazi changa na kuzifanya zidondoke kabla ya wakati, na majimoto humfukuza au kumla. Walionyesha pia kuwa wapo sisimizi wengine wanaoishi ardhini ambao hupigana na majimoto na kuwafukuza mitini, nao hawaulindi mnazi. Basi mwembe wako una walinzi. Wana kasoro moja, nayo ni kwamba huwafuga baadhi ya wadudu wanaofyonza utomvu, kwa ajili ya majimaji matamu wanayoyatoa, na kuwalinda kama mfugaji anavyolinda ng'ombe. Wakibaki mwembeni, waache. Tatizo ni pale sisimizi, wa aina yoyote ile, wanapopanga msafara kupanda mashina ya sukuma na kukaa juu ya vidukari, kwa kuwa hapo huwafukuza mbawakawa na nyigu waliokuja kuwala. Katika hali hiyo waoshe vidukari kwa maji ya nguvu na uvunje msafara kwa majivu makavu kuzunguka shina, ukiyarudia kila yanapolowa.

Marafiki wengine nitawapitia haraka. Yule anayeonekana kama nyuki mwembamba, anayesimama hewani palepale mbele ya ua kisha kuruka upande ghafla, ni aina ya inzi: ana mabawa mawili badala ya manne, hana mwiba, na mabuu yake yasiyo na miguu hula vidukari. Mayai yaliyoning'inia kila moja juu ya kijiti chembamba kama uzi ni ya mdudu mwenye mabawa ya kijani yanayopitisha mwanga, ambaye mabuu yake ni wawindaji wakali. Buibui wote wa bustanini waache. Nyuki wanahitajika hasa na matango yako, kwa sababu ua dume na ua jike ni mbalimbali na bila wao tunda hunyauka likiwa dogo au hukua limepinda; hiyo ni sababu ya kutosha ya kutopulizia kitu chochote asubuhi maua yakiwa wazi.

Lakini nyigu wadogo wasioonekana kwa urahisi nataka uwajue kwa alama wanazoacha. Katikati ya vidukari utaona wengine waliovimba, wa rangi ya dhahabu au kahawia, hawasogei, na baadhi wana tundu la mviringo mgongoni. Nyigu mdogo sana alitaga yai ndani ya kila mmoja, mtoto wake akamla kutoka ndani, kisha akatoboa na kutoka. Kadhalika ukiona kiwavi aliyezungukwa na vifuko vyeupe kama punje za mchele, usimponde, maana kila punje ni nyigu atakayetafuta viwavi wengine. Bara letu linawiwa sana na viumbe hawa. Katika miaka ya 1970 kidung'ata wa mhogo, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mmea huo, aliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini bila maadui zake, akaharibu mashamba nchi baada ya nchi, mpaka nyigu mdogo aliyepatikana Paraguay alipoanza kuachiliwa Nigeria mwaka 1981 na kisha kusambazwa katika nchi nyingine zinazolima mhogo. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mhogo unaouzwa leo sokoni umepona kwa msaada wa mdudu ambaye wengi wetu tungemfyeka kwa dawa bila kumjua jina.

Ufanye nini wiki hii? Acha kupulizia dawa. Kila asubuhi geuza majani ya sukuma na uyapige kwa maji ya mpira au ya chupa ya kupulizia, kwani kidukari aliyeangushwa kwa nguvu mara nyingi mdomo wake huvunjika na harudi juu. Majani ya chini yaliyojaa sana yakate, ila kwanza tazama kama hayana mayai ya njano yaliyosimama wima. Nyanya nazo zioshe upande wa chini wa majani, na usiziache zikose maji, maana mmea wenye kiu huumizwa zaidi na utitiri. Ikiwa baada ya siku nne au tano hali haijabadilika, tumia kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, ukijaribu kwanza kwenye jani moja na kusubiri siku moja. Sabuni ya unga iache, kwa kuwa huunguza majani. Sabuni humuua yule tu aliyelowa, hivyo elekeza kwenye vidukari na uwakwepe mabuu ya rafiki.

Mwarobaini unafaa, na nguvu yake iko zaidi katika mbegu kuliko katika majani. Humzuia mdudu asile na asijivue ngozi, kwa hiyo usitarajie kuona maiti kesho yake, na jua huuharibu upesi, ndiyo maana hupuliziwa jioni. Sitakuambia kuwa hauwadhuru kabisa mabuu ya marafiki. Huwadhuru kiasi, lakini kidogo kuliko dawa kali. Maji ya tumbaku siyashauri hata kidogo, ingawa wengi huyasifu: nikotini ni sumu kali kwa binadamu, hupenya hata ngozini, na tumbaku inaweza kuleta virusi vinavyougonjesha mmea wa nyanya. Njia hizi za upole zina gharama yake, nayo ni uvumilivu na majani kadhaa yenye matundu. Kwa bustani ya kulisha familia naona gharama hiyo inabebeka. Mkulima wa eka nzima anayeuza sokoni ana hesabu nyingine, na simlaumu akitumia kiuatilifu kilichosajiliwa kwa kufuata maelekezo.

Kuhusu watoto, tafuta chupa au pakiti ya dawa uliyonunua usome mambo matatu: jina la zao inaloruhusiwa, kiasi cha kuchanganya, na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ikiwa mboga zako zimetajwa na siku hizo zimepita, unaweza kuvuna na kuosha kama kawaida. Ikiwa dawa ilipimwa dukani ikatiwa katika chupa ya maji isiyo na maandishi, au ni ya pamba na hakuna mboga iliyotajwa, mimi nisingewapa watoto majani yaliyopuliziwa. Kata yote ya sukuma na mchicha uyazike, usilishe kuku wala mbuzi, na uchume na kuzika pia matunda ya bamia na matango yaliyokuwa yameshaonekana siku ulipopulizia. Kisha nenda na kifungashio kwa afisa kilimo akuambie ni dawa gani kabla hujavuna yanayochipua, kwa sababu baadhi ya dawa huingia katika utomvu wa mmea na hazitoki kwa kuoshwa. Na mtu akiumwa kichwa sana, akitapika, akitokwa na mate mengi au akishindwa kupumua vizuri baada ya kugusana na dawa, mkimbize hospitali mara moja na uchukue kifungashio hicho ili daktari akione.

Kuna hali ambazo zinahitaji mtu aje aone kwa macho. Nyanya zikidumaa na majani ya juu yakajikunja na kuwa ya njano, yaelekea inzi weupe wameleta virusi, na mche huo hauponi kwa dawa yoyote. Ukiona majani ya nyanya yana madoa mapana yanayopitisha mwanga kama karatasi na ndani yake kuna kifunza, shuku kantangaze, nondo mdogo ambaye mabuu yake hula nyanya, aliyeripotiwa nchini mwaka 2014 na ambaye usugu wake kwa dawa nyingi huwashinda hata wakulima wazoefu. Sukuma zikiliwa moyo mpaka mche ukashindwa kuendelea, au mimea ikinyauka wakati udongo una maji, vilevile usibahatishe. Anza na afisa kilimo wa kata yako, ambaye huduma yake ni haki yako. Yeye anaweza kupeleka sampuli kwa wataalamu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu au Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. Usimpelekee mdudu aliyepondwa ndani ya karatasi. Mpelekee jani zima lililochumwa asubuhi hiyohiyo, wakiwamo wadudu wakiwa hai, katika kopo lenye vitundu vya hewa, na umwandikie tarehe uliyopulizia na jina la dawa uliyotumia.